Salamu kwa Mguu wa Kulia

Kila umeme ulipokatika, mama yake Fundi aliuulizia mguu wake. Taa zilizimika mtaa mzima, watoto wakapiga kelele, majirani wakaanza kupapasa kutafuta mishumaa, naye pale kwenye kiti chake cha kusukia aligeuza uso upande wa chumba cha mwanawe na kuuliza, kama mtu anayetaka kujua kama mlango wa nje umefungwa.

"Baba, na kule je?"

Alimwita baba kwa mapenzi, kama mama wengi wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Kule kuna jenereta, Mama."

"Ina mafuta?"

"Ina mafuta."

"Umeiangalia mwenyewe?"

"Nimeiangalia mwenyewe."

Hapo mama alitulia, na Fundi akabaki gizani akijiona mbaya. Maana jenereta ilikuwepo kweli, mafuta yalikuwemo, na friji za hospitali zilikuwa zinanguruma vizuri kabisa, kazi ya mikono yake. Kilichokosekana ni mguu.

Tusimhukumu haraka. Fundi hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu friji yoyote iliyokata roho aliirudishia uhai, na akikuambia mashine imekufa, ujue imekufa, hakuwa mtu wa kukuzungusha ili akuuzie vipuri. Uongo wake mkubwa ulikuwa mmoja, na aliusema kwa mapenzi. Shida ni kwamba uongo hauulizi umesemwa kwa nia gani. Ukishatoka mdomoni unakwenda zake kufanya kazi yake.

Ulianza na kidonda. Mama alikuwa na kisukari cha siku nyingi, akapata kidonda kwenye kisigino cha kulia, kidogo, cha kudharaulika, kikakaa mpaka kikawa cheusi. Daktari wa upasuaji, mwanamke mpole ambaye habari mbaya alizitoa akiwa ameketi, aliwaita ndugu wote. Alikuwepo Fundi, alikuwepo dada yake mkubwa, mwalimu wa chekechea, ambaye kwa mazoea alizungumza na kila mtu kama mtoto wa chekechea, na alikuwepo Mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye bila neno lake hakuna jambo la ukoo lililosogea. Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo sumu itapanda na mwili wote utakwenda.

Mama akasema hapana, na Mjomba akasema hapana. Wala haikuwa hapana ya ukaidi. Baba yao, yaani babu yake Fundi, alipoteza mkono kwenye mashine ya kusaga, hospitali ikautupa wanakojua wenyewe, na alipofariki akazikwa bila mkono. Tangu hapo mjane wake hakulala tena. Kila alfajiri aliamka akisema amemwona mumewe, anazunguka anatafuta mkono, anamuuliza kama ameuona. Mama na Mjomba walikulia ndani ya nyumba hiyo. Walimtazama mama yao akikonda na kuzeeka kwa ajili ya mkono. Ndipo ukoo ukaweka neno kwamba mtu wao huzikwa mzima, kama Mungu alivyomleta. Kutanguliza kiungo kaburini ilikuwa mwiko, kwa kuwa kaburi likishafunguliwa humwita mwenyewe. Kuchoma moto ndiyo usiseme.

"Siogopi kukatwa," Mama alisema. "Nimezaa wawili, wote kwa kisu. Ninachoogopa ni nyinyi kuja kuniota nachechemea huko, natafuta mguu."

Dada akaanza kulia. Mjomba akaitazama kofia yake iliyokuwa magotini. Daktari, ambaye alikuwa na wagonjwa wengine mlangoni, akasema taratibu kwamba jambo hili halina wiki ijayo. Hapo Fundi akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema:

"Mama, mguu hautatupwa. Utawekwa kwenye friji. Kule chini kuna chumba cha baridi, na friji zake natengeneza mimi. Utakaa pale mpaka siku Mungu atakapokuita, tuje tuuchukue uende nao."

Daktari alifungua kinywa, akamtazama Fundi, akakifunga.

"Ni kweli, daktari?" Mama aliuliza.

"Mwanao ndiye anayezijua friji zetu," daktari alisema. Hilo halikuwa uongo, ila ukweli nao haukuwemo.

Mjomba aliuliza jambo moja tu, kama mguu utalazwa pamoja na vya watu wengine. Fundi akajibu kwamba utakuwa na rafu yake peke yake. Ndivyo uongo ulivyo, ukishaingiza kichwa, unadai na miguu iingie.

Mguu ukakatwa, na jioni ileile ukachomwa pamoja na bandeji, glavu na mabomba ya sindano, kama vinavyochomwa vyote. Mama akapona. Siku manesi wawili walipomwinua kitandani mara ya kwanza aliwaambia, "Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi," na mmoja wao akacheka mpaka ikabidi akae.

Akarudi nyumbani kwenye kazi yake ya ususi. Wateja walikaa kwenye mkeka chini ya kiti, wakauegemea mguu wake wa kushoto. Aliyejisahau akaegemea kulia aliangukia hewani, na Mama akamwambia, "Njoo huku, mwanangu, huko hakuna mtu nyumbani." Alisuka vizuri kuliko zamani, ama ndivyo walivyosema, na wengine walikuja kwa ajili ya maneno yake kuliko nywele. Habari ya mguu wake uliohifadhiwa aliieleza kwa majivuno, kama wengine wanavyomweleza mtoto wao aliye chuoni.

Fundi akienda hospitali kwa kazi, alitumwa salamu. "Ukifika usiupite kama huujui," Mama alisema. "Uambie mwenzake anausalimia." Siku moja alimpa shuka jipya la pamba aufunike, kwani baridi ya mashine si baridi ya Mungu. Fundi alilipokea kwa mikono miwili. Akaliweka chini kabisa ya sanduku lake la vifaa, na kwa muda mrefu kila alipotafuta spana aliona aibu.

Dada alijua. Alimwambia mara moja tu, wakianika nguo uani. "Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu."

"Fupi hii imempa Mama miaka miwili," Fundi alijibu, na dada akarudi kwenye kamba ya nguo, kwa sababu na yeye alikuwa ameifurahia miaka hiyo miwili.

Kisha akaja mteja mgeni. Fundi alikuwa upande wa pili wa pazia, friji ya jirani ameilaza ubavu, anaisikiliza. Mteja alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye duka la mafuta ya nywele, na kama ilivyo kawaida ya watu wakishikwa kichwa, alizungumza kila lililomjia. Akasema baba yake naye alikatwa mguu, hospitali ileile. Akasema waliuomba wakauzike wenyewe, wakaambiwa wamechelewa.

"Hawaweki hata kimoja, mama. Vinachomwa jioni ileile. Friji zao ni za dawa na maiti tu. Tulibisha mpaka wakatuonyesha tanuri."

Fundi alisubiri mikono ya mama yake isimame. Haikusimama. Alisikia kitana kikigawa nywele, akasikia uzi ukikatwa kwa meno, akasikia mama akimuuliza mteja kama kichwa kinamuuma akivuta hivi. Alimaliza mistari yote. Akampa kioo. Mteja akaenda zake akiwa amependeza, hajui alichokiacha nyuma.

Jioni umeme ukakatika. Mtaa ukapiga kelele, mishumaa ikatafutwa. Fundi alikaa gizani akisubiri swali mpaka taa zikarudi, na mama yake alikuwa palepale kwenye kiti, mikono kwenye mapaja, macho wazi.

"Mama," Fundi alisema.

"Usiseme kitu. Ukisema sasa sitajua lipi ni lipi."

Hakugomba. Ingekuwa heri angegomba. Alimshukuru kwa chai, akamuuliza habari za kazi, ila kila alichojibiwa alikihakikisha. Akiambiwa nje kuna mvua, alitoa mkono dirishani kwanza. Akiambiwa dada amepiga simu, alisubiri aje dada mwenyewe athibitishe. Mtu mzima na fundi wa kutegemewa, lakini ndani ya nyumba yake Fundi alikuwa kama redio mbovu. Ilimuuma kuliko kupigwa.

"Mficha maradhi, kifo kitamuumbua," ndivyo mama alivyozoea kuwaambia wateja walioficha vipara vyao kwa vilemba. Lakini kidonda kilipotokea kwenye mguu wa kushoto alikificha ndani ya soksi mpaka harufu ikamsaliti. Dada ndiye aliyeivua ile soksi. Alitoka chumbani, akaenda kusimama uani.

Daktari alikuwa yuleyule, na aliketi vilevile. Akasema ukikatwa mapema mama ataishi, moyo wake ni mzuri, figo bado zinafanya kazi. Mama hakumtazama daktari. Alimtazama mwanawe.

"Wewe unasemaje?"

"Daktari anasema kweli, Mama. Ukikatwa utaishi."

"Ndivyo ulivyosema na siku ile."

"Na ukaishi."

"Niliishi, ndiyo. Niliishi natuma salamu kwa moshi." Alikohoa kidogo. "Nisikilizeni wote, na Mjomba wenu awe shahidi. Kwa mguu mmoja nitachechemea huko, nitavumilia. Nikikosa yote miwili nitatambaa. Sitatambaa mbele ya mama yangu, jinsi alivyoteseka na ule mkono. Nendeni mnitafutie ule wa kwanza. Kama ni majivu, leteni majivu. Nikiyashika, huu nao waukate, wauchome, mchanganye majivu yote, mnizike nayo. Bila hivyo, niacheni nilivyo."

Wote wakamgeukia Mjomba. Mzee yule alifikiri, akafuta uso kwa kofia yake. "Majivu nayo ni mwili," alisema hatimaye. "Akiyapata, mimi sina kinyongo." Alimpenda dada yake, na hapo alikuwa amelikunja neno la ukoo mpaka lilipofikia ukomo wa kukunjika.

Fundi akashuka nyuma ya hospitali, akapita dobi, akapita jenereta, mpaka kwenye tanuri. Mtu wa tanuri alikuwa amevaa mabuti ya mpira na ameshika reki ndefu. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Ya miaka miwili na zaidi?" alisema. "Ndugu yangu, shimo lile lilijaa, likafukiwa. Juu yake ndipo madaktari wanapoegesha magari."

Fundi akageuka kutazama. Magari yalikuwa yamepangwa vizuri, moja limefunikwa turubai.

"Chukua haya," mtu wa tanuri akasema, akavuta majivu kwa reki, akachagua vipande vya vioo na kuvitupa pembeni kwa makini, mabaki akayatia kwenye kopo la maziwa ya unga. "Ni ya juzi. Watu huja, nami huwapa. Majivu ni majivu. Wanarudi nyumbani wametulia." Alikuwa mwema, na alimpa kwa mikono miwili.

Dada alikuwa anamsubiri mlangoni mwa wadi. Aliangalia kopo, akamwangalia mdogo wake, akaelewa.

"Mwambie ni yake," alinong'ona. "Usianze kuzunguka. Neno moja tu."

"Hayana hata chembe yake."

"Nimekuuliza? Mwambie ni yake. Akatwe, apone, akitutukana atutukane akiwa hai. Daktari ameshatayarisha chumba. Mdogo wangu, nisikilize. Neno moja."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Aliingia ameliweka neno lile tayari chini ya ulimi.

Mama alikuwa ameinuliwa kwa mito. Homa ilikuwa imeanza kumpanda, macho yanang'aa. Alipokea kopo, akafungua kifuniko kwa vidole vilevile vya kusukia, akatia kidole, akayasugua majivu taratibu kama anayepima ubora wa unga. Halafu akainua uso.

"Baba. Ni yangu?"

Fundi alivuta pumzi.

"Ukisema ndiyo, nitakuamini," Mama alisema. "Nimeshachoka kutokukuamini. Unaonaje, nina mtoto mmoja wa kiume, na kila neno lake nalipima. Ni kazi ngumu kuliko ugonjwa. Kwa hiyo sema tu, nami nitaamini."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ni rahisi kujibu ukiwa umekaa mahali pazuri na mama yako mzima. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na ng'ambo yake mama yake yu hai, anasuka, anatania. Alichotakiwa ni kupita. Lakini alikuwa ameitazama miezi yote ile mkono ukitoka dirishani kupima mvua, na sasa macho yale yalikuwa yanamtazama bila kupima chochote, na hakuweza.

"Si yako, Mama. Ni ya juzi, ya watu wengine. Yako yalifukiwa. Juu yake wanaegesha magari."

Mama alifumba macho. Kisha akakirudisha kifuniko kwa uangalifu, akakigonga kwa kiganja kifunge vizuri.

"Haya ni ya mtu," alisema. "Kayarudishe. Na yeye labda ana mama."

"Mama, kubali kukatwa. Nakusihi. Sasa sikudanganyi, utaishi."

"Najua. Nakuamini. Lakini na huu utachanganywa na vya watu, nami nitatambaa." Akamshika mkono, akaukaza. Alikuwa akitabasamu, tabasamu ambalo Fundi alikuwa hajaliona tangu siku ya mteja yule. "Asante, baba. Umenirudishia mwanangu. Mwambie daktari akapumzike."

Akalia Fundi, akapiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji, akasema yote anayosema mtu katika hali hiyo. Daktari alikuja akaketi, akaeleza tena, akaondoka, akarudi, akaeleza tena. Mama alimsikiliza kwa heshima na kumjibu kwamba maneno yake yote ni ya kweli. Dada alizungumza mpaka sauti ikakauka. Hata Mjomba, ambaye neno la ukoo lilikuwa lake, aliinama kitandani akasema anamruhusu akatwe hivyohivyo, dhambi atabeba yeye. Mama akampapasa kichwa, akamwambia awe anakula, amekonda.

Hakukaa sana. Siku alizobaki nazo alimwita Fundi akae karibu, akamuuliza habari za mtaa, nani amehama, friji ya jirani imepona au bado, na kila alichojibiwa alikipokea, hakuthibitisha kwa mtu mwingine. Walicheka. Nesi mmoja alisema hajawahi kuona mgonjwa wa namna hiyo akiwa na raha kiasi kile. Alfajiri moja sumu ikafika ilikokuwa inakwenda, na Mama akakata roho mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe.

Walimzika mchana, watu wengi, wateja wake karibu wote, vichwa vyao vikiwa vimesukwa na yeye. Mjomba alitupa udongo wake, akashindwa kunyooka, ikabidi ashikwe mabega.

Jioni waombolezaji walipopungua, Fundi na dada yake walijikuta peke yao jikoni na rundo la vikombe. Dada aliosha, Fundi akafuta. Hawakuwa wamezungumza juu ya siku ile. Dada alijua tu kwamba mama alikataa.

"Alikuuliza?" dada alisema, bila kugeuka.

"Aliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nikasema si yake."

Maji yaliendelea kutiririka bombani. "Kwa nini? Alikuwa ameshakugundua?"

"Hapana." Fundi alikiweka kikombe mezani. "Alisema nikisema ndiyo, ataniamini."

Dada akafunga bomba. Akajifuta mikono kwenye gauni lake, akamgeukia, na alipozungumza hakupandisha sauti. Alizungumza kama anavyozungumza na mtoto wa darasa lake anayejifunza kuhesabu, taratibu, neno baada ya neno, ili aelewe.

"Basi Mama amekufa kwa sababu wewe ulitaka kusamehewa."

Fundi alitafuta neno la kukataa. Mwishoni akachukua kikombe kingine, akaanza kukifuta.